Zabuni Ndani ya Robota

Droo ilikuwa tupu tulipoachana wiki iliyopita, na leo, ndugu msomaji, bado ni tupu. Kuitazama hakujaijaza.

Wakili aliivuta mpaka mwisho, akaichomoa kabisa mezani, akaipindua juu chini. Kikadondoka kizibo cha chupa. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Saa nne kamili kamati ya zabuni ya manispaa ingefunga daftari lake, na zabuni ya kikundi cha wachambuaji taka, kurasa arobaini na mbili zenye alama za dole gumba za wanachama wote thelathini na mmoja, haikuwemo humo alimoilaza jana jioni.

Kwa aliyejiunga nasi leo, habari yenyewe ni fupi. Manispaa imejenga kituo kipya cha kuchambulia taka pale dampo na inatafuta wa kukiendesha. Walioomba ni wawili. Wa kwanza ni kampuni kubwa ya yule Meneja mwenye miwani ya dhahabu, ambayo inalishikilia dampo mwaka wa tatu sasa na imeapa kulizungushia ukuta asiingie tena mtu na gunia lake. Wa pili ni kikundi. Kikundi kikikosa, watu thelathini na mmoja wataamka kesho hawana pa kwenda, na mwenyekiti wao ni Shangazi, aliyemlea Wakili tangu hajaota jino.

Ndiyo maana kijasho chembamba kilikuwa kikimtiririka mgongoni.

"Meneja," alisema peke yake ndani ya lile kontena wanaloliita ofisi. "Ametuma mtu. Ametuibia. Nitamburuza mahakamani yeye na miwani yake."

Alikuwa ameshaanza kutunga hati ya mashtaka kichwani, amefika kwenye ombi la tatu, pale Shangazi alipoingia na waya umemzunguka kidoleni.

"Shikamoo, Shangazi. Tumeibiwa."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Hebu kwanza niambie wewe uliyesoma, huu waya ni wa chuma au aluminiamu? Nimeupitishia sumaku, haitaki kuukamata."

Wakili aliutazama waya. Ulikuwa mwembamba, mweupe, umejisokota mwanzo hadi mwisho. Waya wa kubania vitabu.

"Shangazi. Huo umeutoa wapi?"

"Hapo kwenye droo. Alfajiri nilikuwa natafuta koleo."

"Na ulikuwa umebana nini?"

Shangazi aliutazama waya. Akaitazama droo iliyolala kifudifudi sakafuni. Akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Jalada la plastiki liko wapi?" Wakili aliuliza taratibu.

"Kwenye gunia la plastiki."

"Zile kadi ngumu za njano?"

"Kwenye maboksi."

"Na karatasi zenyewe?"

Shangazi alinyoosha kidole nje, kwenye mashine ya kufungia marobota.

Hapa itabidi tumtetee, maana najua wasomaji wengine wameshaanza kuguna. Mtu aliyechambua taka miaka ishirini na sita haoni kitu kimoja, anaona vitu vitatu vilivyogandana, na vidole havimtulii mpaka viachane. Kwake, kifuko cha majani ya chai kikishatumika, uzi huenda huku na karatasi kule. Siku Wakili alipohitimu, cheti chake kilikaa kwenye fremu dakika tano tu baada ya kupigwa picha. Kioo kikaenda na vioo, mbao zikaenda na mbao, na cheti kikaokolewa na jirani.

"Haki ya Mungu, mwanangu, mikono ilianza kabla yangu," alisema Shangazi, na machozi yakamlengalenga. "Nimewamaliza wenzangu. Thelathini na mmoja, nimewamaliza kwa vidole hivi."

"Tulifumue tutafute."

"Robota la kilo themanini? Ukilikata waya linajaa kontena hili mpaka darini. Karatasi nyeupe tupu za maofisini, zote sura moja. Mpaka mchana hatujafika nusu."

"Tuandike upya."

"Na dole gumba? Watu wako mitaani na mikokoteni yao. Uwakusanye wote kabla ya saa nne?"

Wakili alishika kichwa. Kisha, kwa mshangao wake mwenyewe, alianza kucheka. Kicheko kilimtoka tumboni, kikampanda, akashindwa kukizuia. Shangazi alimkodolea macho akidhani mtoto amerukwa na akili.

Kumbe alikuwa anasoma. Msomaji wetu wa siku nyingi anajua kwamba Wakili aliianza sheria humuhumu dampo, kwa kitabu kilichofika kwenye gunia bila jalada na bila sura mbili za kwanza. Mpaka leo ukimuuliza maana ya sheria hana jibu la haraka, lakini vifungu anavyo vyote kichwani. Na sasa kimoja kilikuwa kimesimama mbele ya macho yake, kimevaa na kuchana nywele.

"Shangazi, usiliguse hilo robota," alisema. "Kifungu cha kumi na nne cha masharti ya zabuni. Zabuni iwasilishwe ndani ya kifurushi kimoja."

Shangazi alichungulia nje. "Kimoja," alisema.

"Kilichofungwa imara."

"Waya tatu. Nimezikaza mwenyewe."

"Chenye jina na mhuri wa mwombaji kwa nje."

"Kibandiko cha kikundi, mhuri, tarehe ya leo." Shangazi alisimama. Machozi yalikuwa yameshakauka. "Sasa hao wanataka kifurushi cha ukubwa gani?"

"Hawakusema."

"Hawakusema?"

"Hawakusema, Shangazi. Na kinachohesabiwa ni saa ya kuwasilisha. Kutafuta, tutatafutia hukohuko, mbele yao."

Ndugu msomaji, saa tatu kasoro robo mkokoteni ulikuwa barabarani. Wanawake watatu wa kikundi waliuvuta, Shangazi aliongoza njia akiwapangua watu, na Wakili alisukuma nyuma akiwa amevaa suti nyeusi ya mahakamani na viatu vya kisigino ambavyo havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kisigino kimoja kilikatika kwenye mzunguko wa barabara. Shangazi alikiokota akakitia mfukoni, maana kilikuwa mpira mtupu.

Kwenye lango la manispaa mlinzi aliinua mkono.

"Mizigo lango la nyuma."

"Huu si mzigo," alisema Wakili akihema. "Ni barua."

Mlinzi alilizunguka robota. "Barua kubwa."

"Tulikuwa na mengi ya kusema."

"Sijawahi kupokea barua yenye waya."

"Ndugu yangu, wewe unatakiwa ukague au upime uzito?"

Mlinzi alifikiri, akakumbuka kwamba mizani hana, akafungua lango. Tena akashika mpini wa mkokoteni akasaidia kuvuta, maana kazi ya lango ilikuwa imemchosha tangu mwaka juzi.

Ukumbi wa kamati uko ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa ndogo. Robota lilipoingia, halikubaki hata pa kutia mguu. Wakili alibonyeza tatu, akauacha mlango ujifunge, akakimbilia ngazi na kisigino kimoja. Saa nne kasoro dakika saba.

Sasa sikiliza hujuma. Juu, mbele ya lifti, alikuwa amesimama Meneja mwenyewe, amekwisha kuwasilisha kabrasha lake tangu jana, ametoka kunyoosha miguu. Mlango ukafunguka, akakutana uso kwa uso na robota. Akasoma kibandiko. Akakitazama mhuri. Meneja ni mtu wa mengi, lakini ujinga haumo. Alinyoosha kidole kimoja chenye pete, akabonyeza kitufe cha chini, akarudi nyuma huku akipiga mluzi.

Wakili yuko ghorofa ya pili akasikia lifti ikimpita kwenda chini.

Alishuka ngazi tatu tatu. Chini alimkuta Shangazi amesimama mbele ya mlango uliofunguka, mikono kiunoni.

"Limekataa kushuka huko juu?"

"Kuna mtu amelirudisha. Shangazi, saa nne kasoro dakika nne."

"Nipishe," alisema Shangazi, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshapanda juu ya robota, amekaa, amekunja miguu, kichwa kinakaribia taa. "Bonyeza."

Mlango ulipofunguka tena ghorofa ya tatu, Meneja alikuwa bado pale na kidole tayari. Akainua macho. Mwanamke mwenye umri wa mama yake alikuwa anamtazama kutoka juu.

"Mwanangu," alisema Shangazi kwa upole, "huniamkii?"

Kidole cha Meneja kiligota hewani. Watu wa kamati walikuwa wanapita koridoni, wanasikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mkeo?"

"Hajambo, mama."

"Na mama mzazi, ile miguu inaendeleaje?"

Meneja alikuwa anaeleza habari za miguu wakati Wakili alipotokea ngazini, akaparamia lifti, akaweka kiatu mlangoni usijifunge. Wale wanawake watatu walikuwa nyuma yake. Waliliviringisha robota koridoni na Shangazi akiwa amesharuka, likaingia ukumbini likibingirika pembe kwa pembe, likasimama mbele ya meza ya Katibu. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro nusu dakika.

Katibu wa Zabuni ni mama mmoja mkavu, anayekaribia kustaafu, ambaye hajawahi kuchelewa wala kutabasamu kazini. Alilitazama robota. Akalitazama daftari. Akaandika, akitamka kila neno: "Kifurushi. Kimoja." Kisha akainua mhuri, akagonga kibandiko.

Saa ikagota nne.

"Napinga," alisema Meneja akiingia. "Hizo ni taka."

"Ni zabuni," alisema Wakili, "iliyomo ndani ya kifurushi kimoja, kilichofungwa imara, chenye jina na mhuri kwa nje. Kifungu cha kumi na nne."

"Kifungu kilikuwa na maana ya bahasha."

"Kingetaja bahasha."

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama mtu mmoja aliyekaa mwisho wa meza ya kamati. Huyu ni Mwanasheria wa Manispaa, anayeitwa na kila mtu Kalamu Nne kwa sababu ya zile zinazojipanga kwenye mfuko wa shati lake. Masharti ya zabuni aliyaandika yeye.

Tena tuseme wazi, maana mwenyewe hasemi: Wakili alikuwa anampenda mtu huyu. Mwaka na nusu wamebishana kwa barua rasmi kuhusu magari ya taka, mapipa ya taka na harufu ya taka, na kila barua yake aliisoma mara tatu, mara moja kwa ajili ya kazi. Hawajawahi kukaa meza moja hata kwa chai.

"Mwanasheria," alisema Katibu, "kamati inaomba ushauri."

Kalamu Nne alisimama. Alilizunguka robota polepole. Wakili aliona anakwepa kumtazama na hakujua kwa nini.

"Kifungu cha kumi na nne hakikutaja ukubwa," alisema hatimaye. "Kosa ni langu. Kifurushi ni halali. Ila zabuni iwe imekamilika mezani kabla kikao hakijafungwa saa saba. Ikipungua hata ukurasa mmoja, inatupwa."

"Sawa kabisa," alisema Meneja, na sasa alikuwa anachekea pembeni. "Basi na kifungu cha kumi na tisa kitumike kama kilivyo. Kila karatasi itakayotoka kwenye kifurushi isomwe kwa sauti na igongwe mhuri. Kila karatasi, mama Katibu. Usiruke."

Alikuwa amepiga hesabu vizuri. Karatasi zinaweza kufika elfu kadhaa, na saa ni tatu.

Katibu alifungua kile kifungu, akakisoma, akapiga miayo ya mtu aliyejua maisha yatafika hapa siku moja. "Karatasi yenye maandishi upande wowote," alisema. "Tupu haisomwi. Kateni waya."

Shangazi akakata.

Lile robota lilishusha pumzi, likavimba, likajimwaga ukumbini, likafunika viatu vya kamati nzima. Na wale wanawake wanne wakapiga magoti.

Wasomaji, mimi nimeona watu wenye kasi, lakini sijaona mikono ile. Karatasi ilikuwa haijafika chini imeshajulikana. Tupu huku, zilizochapwa kule, zilizochanika pale, na katikati kijirundo kidogo cha kurasa za zabuni kikaanza kunenepa. Hawakusoma. Waligusa. Zabuni ilipigwa chapa kwenye karatasi nzito kidogo kuliko za manispaa, na vidole vya Shangazi vilivyotuponza asubuhi viliitambua kila moja kabla macho hayajaifikia. Ilipofika saa tano mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshavua koti, amekaa chini, anafundishwa.

Wakati huo Katibu anasoma. Na karatasi zenyewe, ndugu zangu, zilikuwa za manispaa hiyohiyo, maana kikundi ndicho kinachobeba karatasi za ofisi zao kila wiki.

"Ombi la ruhusa la dereva wa gari la taka namba mbili," alisoma kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka. "Amefiwa na bibi mzaa mama." Akagonga mhuri. Baada ya dakika kumi: "Ombi la ruhusa la dereva wa gari la taka namba mbili. Amefiwa na bibi mzaa mama." Akagonga. Alipolisoma la nne, mkuu wa usafi alitoka nje kumtafuta dereva.

"Muhtasari wa kikao cha kupunguza matumizi ya karatasi," alisoma Katibu. "Nakala ya thelathini na nane."

Mwenyekiti wa kamati alicheka mpaka akalazimika kushika meza. Wakili aliona Kalamu Nne anacheka pia, kisha akamwona anayatazama marundo ya karatasi, na kicheko kikamfia mdomoni ghafla. Alianza kujongea sakafuni kwa magoti, anapekua, anapekua, jasho linamtoka.

"Mheshimiwa unatafuta nini?" Wakili alimnong'oneza.

"Hakuna," alisema. "Hakuna kitu. Naomba nipite."

Saa saba kasoro dakika kumi na tano zilikuwa zimepatikana kurasa arobaini na moja. Iliyokosekana ilikuwa ya mwisho, ile ya dole gumba.

Saa saba kasoro kumi, Shangazi aliingiza mkono mpaka begani kwenye rundo la mwisho, akafumba macho, akatulia. "Hii hapa," alisema. "Ila imegandana na nyingine. Wino haukuwa umekauka."

Aliziachanisha mbele ya watu wote, taratibu, bila kuchana hata pembe. Moja ilikuwa na alama thelathini na moja za dole gumba, hakuna hata moja iliyofutika. Katibu aliisoma, akaigonga mhuri. Wale wanawake walirusha karatasi hewani. Wakili alimkumbatia Shangazi, wakazunguka, wakakanyaga muhtasari.

"Bado moja," alisema Meneja. "Ile iliyogandana. Ina maandishi."

"Mama Katibu," alisema Kalamu Nne kwa sauti iliyokwaruza, "kama mwanasheria wa kamati nashauri hiyo iachwe."

"Kifungu ulikiandika mwenyewe," alisema Katibu, akaweka miwani sawa.

Akasoma.

"Kwa Wakili wa kikundi cha wachambuaji. Yah: Moyo wangu. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Napenda kukujulisha kwamba tangu tulipoanza kuandikiana kuhusu mapipa, silali. Mapipa sina tatizo nayo. Tatizo ni wewe. Naomba kukuoa pindi itakapokupendeza. Tafadhali jibu kwa ndiyo au hapana. Natanguliza shukrani. Mwanasheria wa Manispaa." Akageuza ukurasa. "Nakala: Shangazi, kwa taarifa."

Akagonga mhuri.

Barua ambayo mwandishi wake aliitupa kapuni kwa woga ilikuwa imesomwa mbele ya kamati nzima. Kalamu Nne alikuwa amefunika uso kwa kabrasha. Wakili alijaa furaha ghafla mpaka akaogopa itaonekana.

Ilionekana. Meneja aliiona.

"Kifungu cha tatu," alisema, na alikuwa anakitamka kwa raha. "Wakili wa mwombaji akiwa na uhusiano wa damu, ndoa au uchumba na afisa wa kamati, zabuni inatupwa. Barua imeandikwa, imesomwa mbele ya mhusika, imegongwa mhuri. Imefika. Sasa ajibu. Ndiyo, au hapana."

Saa saba kasoro dakika nne.

Katibu aliinua kalamu. "Wakili, kwa ajili ya kumbukumbu za kikao. Je, kuna uhusiano wa aina hiyo kati yako na Mwanasheria wa Manispaa?"

Wakili aliwatazama wale wanawake wanne waliopiga magoti kwenye karatasi. Shangazi alimtikisia kichwa, kana kwamba anasema usitujali sisi. Kisha Wakili akamtazama mtu aliyekuwa anamchungulia juu ya kabrasha, na ikamuuma mpaka kwenye mifupa.

"Mpaka dakika hii," alisema, "hapana."

Katibu aliandika. Akazihesabu kurasa arobaini na mbili mara moja ya mwisho. "Zabuni ya kikundi imekamilika. Imepokelewa."

Wanawake walipiga vigelegele. Mwenyekiti wa kamati alipiga makofi, akakumbuka yeye ni nani, akaacha. Wakili peke yake alikuwa amesimama hajui kama amewaokoa thelathini na mmoja au amejizika mwenyewe.

Lakini Kalamu Nne alikuwa ameyasikia yale maneno matatu ya mwanzo. Aliliweka kabrasha chini. Alichomoa kalamu, akavuta karatasi tupu, akaandika mistari miwili, akatembea moja kwa moja mpaka mezani kwa Katibu, akaiweka.

"Ninaacha kazi," alisema. "Kuanzia sasa hivi. Haya, mama, muulize tena."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Shangazi alijishika kifua. Wakili alikuwa ameanza kucheka na kulia kwa pamoja pale alipogundua kwamba kuna mtu mwingine anayecheka, naye ni Meneja.

"Kifungu cha thelathini," alisema Meneja akijifuta macho. "Manispaa isipokuwa na mwanasheria wa kuishauri, zabuni zote zinafutwa, na dampo linabaki mikononi mwa aliyenalo. Yaani mimi. Nakushukuru sana, mheshimiwa. Gonga, mama Katibu."

Kalamu Nne aligeuka amepauka uso. Alikuwa amekisahau kifungu chake mwenyewe.

"Nairudisha," alisema.

"Kilichowekwa mezani kimewekwa," alisema Katibu, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa hajaacha karatasi bila mhuri. Mkono wake ulikuwa umeshapanda.

Wakili hakufikiri. Aliruka rundo la kwanza, akaruka la pili, akateleza kwenye nakala ya thelathini na nane, akajitupa mezani kwa tumbo na kuitandazia barua ile kiganja chake.

Mhuri ukashuka.

Ulitua mgongoni mwa mkono wake wa kulia, safi, bila kukosea hata herufi. IMEPOKELEWA, na tarehe ya leo. Chini ya kiganja, barua ya kuacha kazi ilibaki bila alama.

Katibu aliutazama ule mkono. Meneja alikuwa anapekua masharti, kifungu baada ya kifungu, na cha kukataza mkono hakikuwepo. Saa saba kasoro dakika moja. Katibu alilivuta daftari lake, akachovya kalamu, akaandika huku akitamka.

"Mkono. Mmoja. Wa kulia." Akainua macho juu ya miwani. "Umewasilishwa na nani?"

Katikati ya yale marundo ya karatasi Shangazi alinyanyuka, akajikung'uta magoti, akanyoosha nguo yake.

"Na mimi," alisema, akimkazia macho Kalamu Nne. "Ndimi niliyemlea. Ila andika vizuri, mama, kwamba mkono huo hautolewi mpaka kikao kifungwe, na kwamba na mimi nina masharti yangu."